Gundi

Kazi yangu ni gundi. Ndoo, brashi, ngazi ya bati,
na karatasi zilizokunjwa kama shuka za hospitali.
Saa kumi alfajiri, barabara za Halaspuszta ni za mbwa na mimi.
Nabandika kipande cha kwanza, cha pili, cha tano, umati ukamilike:
wanaume mia wanatembea kutujia
katika picha iliyopigwa mbali, nchi sijui ipi.
Juu yao herufi nyekundu. Chini yao muhuri wa Wizara.

Mmoja, safu ya tatu, amebeba begani mkoba wa mtoto,
wa waridi, wenye sungura.
Kila nikimfikia, brashi hupunguza mwendo.
Kazi ni kazi. Nampaka, nambana, nashuka.

Mji wetu una watu elfu mbili na ushei,
makanisa mawili, kiwanda cha pilipili kilichofungwa.
Mgeni wetu wa mwisho alikuwa fundi wa piano kutoka Bratislava.
Alilala siku mbili, akailaumu supu, akaenda zake.

Kisha Waziri akashuka na helikopta uwanja wa mpira.
Alisema kwa vina, naapa,
maana hofu ukitaka ikae kichwani, ipimie mizani:

*Adui yu mlangoni, fungeni kufuli zenu,
haonekani machoni, yu nyuma ya ua wenu,
mlalao majumbani, ni mimi mlinzi wenu,
nirejesheni kitini, nami nitakesha kwenu.*

Watoto waliishika kabla helikopta haijapaa.

Dezső muuza vyuma aliuza kufuli kwa mwezi mmoja
kuliko alizouza miaka sita. Akaezeka paa jipya.
Bi Piroska Bodor, jirani yetu, mjane wa mwalimu wa jiografia,
alinunua nne.
Alinishika mkono sokoni, penye kabichi:
"Wewe ndiye unayewabandika. Wako wangapi?"
Nikasema, ni picha tu, Bi Piroska.
"Najua ni picha. Nimeuliza wako wangapi."
Nikajikuta nahesabu.

Januari, usiku wa theluji, ukuta wetu uligongwa.
Mara tatu. Kimya. Mara mbili.
Mama aliniangalia. Mimi nilimwangalia Mama.
Tukazima taa.
Ukagongwa tena, chini, karibu na sakafu,
mgongo wa kijiko, labda, au pete.
Mama alishika rozari, mimi nilishika shoka la kuni.
Kuelekea alfajiri kukatulia,
nasi tukashukuru.

Zimamoto walikuja adhuhuri na msumeno wa chuma.
Kufuli ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilivunja meno ya msumeno,
wakatuma mtu kwa Dezső kununua mwingine.
Dakika arobaini na moja, nilihesabu, sasa nina mazoea.
Alikuwa kati ya jiko na ukuta, ubavu kwa ubavu na ukuta wetu,
kijiko mkononi.
Ukutani kwake, ramani ya marehemu, imejaa pini ndogo nyekundu,
kila pini mahali alipoambiwa na redio.
Halaspuszta haimo katika ramani ile. Ni padogo mno.

Gazeti la mkoa liliandika mistari miwili. Moyo, likasema.

Uchaguzi ulipita, mwenye kiti alipata kiti.
Aprili nikaletewa karatasi mpya: soseji, punguzo, nguruwe anacheka.
Nikabandika nguruwe juu ya umati.
Lakini gundi ya serikali ni nzuri, haiachi upesi.
Mvua ikinyesha nguruwe huchanika,
na kona ya mkoba wa waridi hutokeza,
sikio moja la sungura.

Nikirudi jioni na ndoo yangu tupu, mlango umefungwa.
Nagonga.
"Nani?" anauliza Mama.
Mimi.
"Mimi nani?"